Mafuta ya CBD na kupaniki: yalikotoka (Sehemu ya 3)

Sehemu ya 2 tulizungumza kupaniki ni nini: moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinawaka ganzi, unajiona kabisa unakufa, halafu baada ya dakika kumi au ishirini inapoa. Tangu siku ile inboksi yangu imejaa swali moja: "Nesi, vipi yale mafuta ya CBD? Si ni ya asili?"

Twende polepole, tuanze na historia yake. Ukijua kitu kilikotoka, muuzaji hakuchezei.

CBD, yaani kanabidioli, inatoka kwenye bangi. Ndiyo, bangi hii hii. Mwaka 1940 mkemia Mmarekani, Roger Adams wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliitoa kwenye bangi mwitu ya Minnesota. Lakini umbo lake halisi halikujulikana hadi 1963, Raphael Mechoulam na mwenzake Yuval Shvo walipolichora kule Israel. Huyu Mechoulam ana kisa chake. Alipohitaji malighafi alikwenda polisi Tel Aviv, wakampa kilo tano za hashishi iliyokamatwa, akapanda nayo basi kurudi maabara. Abiria wakaanza kuulizana hiyo harufu ni ya nini. Hebu jaribu hivyo kwenye daladala ya Mbagala uone!

Mwaka 1964 yeye na Yechiel Gaoni wakaitoa THC, ile inayolevya. Hapa naomba unisikilize vizuri. THC inaweza yenyewe kumfanya mtu apaniki. Jani ni moja, ndani yake kuna kitu kinachoweza kuwasha hofu na kingine kinachodhaniwa kuituliza. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni ya asili", bado hajakwambia lolote.

Waliolifuatilia hili kwa makini ni Wabrazili. Mwaka 1982 Antonio Zuardi na wenzake waliwapa watu wanane wenye afya THC, kisha THC pamoja na CBD. Walipochanganyiwa, wasiwasi ulipungua. Mwaka 2011, Chuo Kikuu cha São Paulo kule Ribeirão Preto, wakachukua watu 24 wenye hofu kali ya kuwa mbele za watu, wakawaambia watahutubia. Nusu walipewa CBD, nusu kidonge kisicho na dawa. Waliopata CBD walihutubia kwa utulivu zaidi.

Matokeo mazuri, sikatai. Ila angalia mambo mawili. Hao walikuwa na hofu ya kuhutubia, hawakuwa wagonjwa wa kupaniki. Na walipewa miligramu 600 kwa mara moja. Chupa nyingi zinazouzwa zina 300 au 500 chupa NZIMA, halafu unaambiwa weka matone mawili chini ya ulimi. (Usije ukainywa chupa yote sasa, nitakuchapa.) Kwa dozi kubwa CBD inaweza kuumiza ini na kugongana na dawa nyingine. Tunayajua hayo vizuri kwa sababu ya dawa ya kifafa iitwayo Epidiolex, CBD safi iliyoidhinishwa Marekani 2018 kwa aina mbili ngumu za kifafa cha watoto.

Na ndani ya chupa kuna nini? Mwaka 2017 watafiti Marekani walipima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Zilizosema kweli kwenye lebo ni 26 tu. Kumi na nane zilikuwa na THC. Kama unanyonyesha, THC inapita kwenye maziwa na kumfikia mtoto. Mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri mjamzito na anayenyonyesha wasitumie CBD kabisa. Na hapa kwetu bangi ni kosa kisheria, usidhani neno "asili" litakutetea kituoni.

Kwa nini nimeandika kirefu hivi? Zamu moja ya usiku alikuja mama mwenye mtoto wa miezi minne, anatweta, kwenye pochi ana chupa ya mafuta hayo aliyoagiza WhatsApp. Alishakwenda mahali kabla, akaambiwa "huna kitu, ni mawazo", akarudishwa nyumbani bila kupimwa hata damu. Ndipo akanunua chupa. Simlaumu hata kidogo. Mtu akinyimwa majibu hospitali atayatafuta kwenye simu.

Tulimkalisha, tukapumua naye, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Tukapima moyo, tukatoa damu. Damu ilikuwa 6.8. Moyo wake ulikuwa unakimbia kwa sababu alikuwa na upungufu wa damu tangu ajifungue, na juu yake hofu ikapanda. Wiki kadhaa alikuwa akihesabu matone.

Alilazwa, akaongezewa damu, akaondoka na vidonge vya madini ya chuma. Hofu haikuisha siku ile, bado anakuja kuongea na mshauri wetu. Chupa aliniachia. Lebo yake ilikuwa imeandikwa miligramu bila namba.