Sarafu ya dhahabu ya Tabora

Sarafu ya dhahabu ya Tabora ni sarafu ya rupia 15 iliyotengenezwa mjini Tabora (leo nchini Tanzania) mwaka 1916 na serikali ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Leo hii inatafutwa na wakusanyaji wa sarafu, na kwenye minada huuzwa kwa mara kadhaa ya thamani ya dhahabu iliyomo. Hivyo ni mfano wa tofauti iliyopo kati ya bei ya metali na bei ya sarafu yenyewe.

Historia

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia sarafu za koloni zililetwa kwa meli kutoka Ujerumani. Baada ya vita kuanza mwaka 1914, manowari za Uingereza zilifunga njia ya bahari na fedha ikaadimika. Serikali ilichapisha noti za muda humo humo kolonini, lakini watu wengi hawakuziamini.

Katika karakana ya reli ya Tabora zilitengenezwa sarafu ndogo za heller 5 na 20, halafu sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, katika mkoa wa Singida wa leo. Jumla ya sarafu za dhahabu zilizotengenezwa ilikuwa takriban 16,200 tu, kwa sababu Tabora ilitekwa na jeshi la Kongo ya Kibelgiji mwezi Septemba 1916.

Muundo

Upande mmoja una tai, nembo ya Dola la Ujerumani. Upande wa pili unaonyesha tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake kuna mlima. Herufi T inamaanisha Tabora.

Sarafu ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake (karati 18) ni dhahabu, yaani gramu 5.4 hivi. Rupia 15 zililingana na mark 20 za Ujerumani, lakini sarafu ya mark 20 ilikuwa na takriban gramu 7.17 za dhahabu safi. Kwa hiyo tangu mwanzo sarafu ya Tabora ilipewa thamani kubwa kuliko metali yake.

Sababu za bei kuzidi thamani ya dhahabu

* Uhaba: idadi ya sarafu haiwezi kuongezeka tena, na kila inayoyeyushwa au kupotea inapunguza zilizobaki.
* Mahitaji: uhaba peke yake hautoshi, ni lazima wawepo watu wanaoitaka. Sarafu hii hutafutwa na wanaokusanya sarafu za Ujerumani, za Afrika na za wakati wa vita.
* Hali: sarafu isiyochakaa hupata bei kubwa kuliko iliyokwaruzwa. Sarafu iliyowahi kuwekwa kishikizo ili ivaliwe kama kidani, au iliyosuguliwa ili ing'ae, hushuka bei ingawa dhahabu yake ni ileile.
* Uhalisi: historia inayojulikana na uthibitisho wa wataalamu humpa mnunuzi uhakika.

Kinyume chake ni Krugerrand ya Afrika Kusini, inayotolewa tangu mwaka 1967. Ina aunsi moja ya dhahabu safi (gramu 31.1), lakini kwa kuwa zimetengenezwa mamilioni, ile ya kawaida huuzwa kwa bei inayozidi kidogo tu ile ya dhahabu. Mfano uliopita kiasi ni sarafu ya dola 20 ya Marekani ya mwaka 1933: zilitengenezwa 445,500, karibu zote zikayeyushwa, na moja iliuzwa mwaka 2021 mjini New York kwa dola milioni 18.9.

Hatari kwa muuzaji na mnunuzi

Anayeipeleka sarafu halisi kwa sonara na kulipwa kwa gramu hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na ikishayeyushwa haiwezi kurudishwa. Kwa upande mwingine ziko sarafu bandia. Baadhi hugunduliwa kwa mizani, lakini sarafu bandia inaweza kutengenezwa kwa dhahabu halisi na kuwa na uzito sahihi. Mwenye sarafu kama hiyo hubaki na bei ya dhahabu pekee.