Arecibo: Dishi lililoanguka na saa iliyokataa kutulia

Asubuhi ya 1 Desemba 2020, jukwaa la chuma la tani 900 lilikatika nyaya na kuporomokea dishi la darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, lenye upana wa mita 305. Bajeti yake ilikuwa imepunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Marekani ikatangaza kwamba haitaijenga upya; pale pawe kituo cha elimu. Uamuzi wa kibahili, ukikumbuka kilichopatikana pale mwaka 1974.

Mwaka huo mwanafunzi Russell Hulse, chini ya mwalimu wake Joseph Taylor, alikuwa akisaka palsa: mabaki ya nyota zilizolipuka, yanayojizungusha na kutuma mapigo ya redio kwa utulivu wa saa nzuri. Kisa amekisimulia mwenyewe katika mhadhara wake wa Nobel.

Tarehe 2 Julai alinasa ishara hafifu, pigo moja kila sekunde 0.059. Agosti 25 akarudi kuipima sawasawa, vipimo viwili vya siku hiyohiyo vikapishana. Akapima tena, namba ikawa nyingine. Fomu yake ikajaa namba alizoandika na kuzikata. Alijishuku yeye na mitambo yake, kama afanyavyo fundi mwaminifu, akatunga programu mpya. Septemba 1 na 2 muda kati ya mapigo ukashuka kwa mtindo uleule, ila siku ya pili ulitangulia kwa dakika 45. Mtambo mbovu hauna ratiba! Septemba 16 akaushuhudia ukifika chini kabisa, kisha ukigeuka kupanda. Palsa ile ilikuwa ikitusogelea na kutuacha kwa zamu: ilikuwa na mwenzake, wakizungukana kila saa 7 na dakika 45.

Kwa nadharia ya Einstein, nyota za namna hiyo hupoteza nishati kwa mawimbi ya mvutano, hivyo lazima zisogeleane. Taylor na wenzake wakakaa miaka wakihesabu mapigo. Mwaka 1978 wakatangaza kwamba mzunguko unafupika. Leo hesabu ya Einstein na kipimo hazipishani hata kwa asilimia 0.2. Nobel ikaja 1993. Mawimbi yenyewe yalinaswa Septemba 2015, kwa mitambo mingine.

Dishi halipo. Nyota zile mbili zinaendelea kukaribiana, mita 3.5 hivi kila mwaka, na zitagongana baada ya miaka milioni 300.