Dawa ya rimu

Kwenye vibanda vya kuosha magari vya Umoja, Kayole na Buruburu jijini Nairobi, chupa isiyo na lebo huitwa dawa tu. Dawa ya rimu, dawa ya tairi, dawa ya breki. Neno hili la asili ya Kiarabu limezoea kubeba mengi: huponya mtu, huua mende, hung'arisha viatu. Lakini halisemi ndani ya chupa mna nini, na hilo linanitia hofu.

Rimu ya alumini huliwa na asidi kali, na kostiki soda huila vilevile. Baadhi ya dawa hizo zina asidi ya hidrofloriki, inayopenya ngozi na kudhuru hadi mfupa, wakati mwingine kabla maumivu hayajaanza. Kijana anayesugua kwa mikono mitupu ana haki ya kuambiwa. Nayo dawa ya tairi yenye silikoni ikirukia diski, breki hazishiki vizuri.

Tuulize basi kwa jina: ni sabuni, ni asidi, au ni kiyeyusho cha grisi? Rimu nyingi hutosheka na sabuni ya gari na maji, gurudumu likishapoa. Diski zinataka kiyeyusho kinachokauka bila kuacha mafuta, kitumiwe penye hewa ya kutosha.