Masomo ya bure: kwa nini watoto bado hawako sawa?

Kutokuwa sawa katika jamii maana yake ni kwamba nafasi ya mtu katika maisha inategemea mfuko wa wazazi, mahali alipozaliwa, ao kama ni mwanamke ao mwanaume. Mtafiti wa fani moja hawezi kueleza jambo hilo peke yake. Ndiyo sababu wanauchumi, wanasheria, waganga na wachunguzi wa maisha ya jamii wanaunganisha kazi zao. Masomo ya msingi hapa Kongo yanaonyesha vizuri faida yake.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Lakini wazazi waliendelea kulipa miaka mingi. Utekelezaji kwa inchi yote ulianza Septemba 2019. Shule za makanisa zilizo na mapatano na serikali zinahusika pia. Shule za watu binafsi hapana.

Feza zilikuwa zinaenda wapi?

Katika miaka ya 1990, mshahara wa mwalimu ulipoanguka, wazazi ndio walibeba shule kwa kulipa ile inayoitwa "primu". Watafiti Tom De Herdt na Kristof Titeca, wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walichunguza namna hiyo ya kuendesha shule. Feza hazikubaki zote shuleni: sehemu ilipanda mpaka kwenye ofisi za elimu, za serikali na za makanisa. Kwa hiyo kufuta primu ni kugusa pia wale wote waliokuwa wanaishi kwayo. Kama serikali hailipi pengo hilo, malipo yaliyofutwa kwa jina moja yanaweza kurudi kwa jina lingine.

Njaa nayo inaingia darasani

Waganga wanaanza mbali zaidi, kabla mtoto hajajua shule. Kunako Lwiro, katika Kivu ya Kusini, watafiti waliwatafuta watu wazima ambao, wakiwa wadogo, walitibiwa utapiamlo mkali kati ya 1988 na 2007. Waliwalinganisha na majirani ambao hawakuugua hivyo. Wale waliougua walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kufika masomo ya juu. Maana yake: mtoto anaweza kuponywa, anaweza pia kuingia shule bila kulipa, na bado akawa amechelewa tangu mwanzo.

Nani anabaki nyumbani?

Mwanauchumi anahesabu pia yale yasiyoandikwa kwenye risiti: daftari, biki, nguo ya shule, na kazi ambayo mtoto angefanya shambani. Mtafiti anayeketi na familia anauliza swali lingine: feza zikipunguka, nani anakatishwa masomo? Mara nyingi ni mtoto mwanamke, juu ya maji, wadogo zake, ao ndoa ya mapema. Na hata akimaliza darasa la sita, sekondari inamungoja na malipo yake. Kwa familia zilizokimbia vita, shule yenyewe inaweza kuwa imefungwa ao imegeuka makao.

Tangu 2019 madarasa mengi yalijaa kupita kiasi, na walimu wengi, wakiwemo wanaoitwa "N.U.", walibaki wakingoja mshahara. Mwalimu mmoja mbele ya watoto mia moja hawezi kuwasaidia walio nyuma, na walio nyuma ni wale wale maskini.

Funzo ni gani?

Kufuta malipo kunafungua mlango mmoja. Nyuma yake kuna mingine: chakula, mshahara wa mwalimu, kazi za nyumbani, usalama. Katika mkutano wa kamati ya wazazi, mkaaji anaweza kuuliza mambo matatu: malipo haya yanatokana na sheria gani? Walimu wangapi hawalipwi? Na watoto gani wa mtaa huu hawaonekani tena darasani, na kwa nini?