Mlima Kenya na Kivuli cha Redio: Somo la Minara Nililolipata Nyeri

Juzi ndugu mmoja wa Kilifi aliniuliza kwa nini stesheni ya Mombasa anayoisikia vizuri dukani kwake hupotea akienda kuwaona wazazi wake, kilomita chache tu ndani ya vilima. Alidhani stesheni imepunguza nguvu za mtambo. Nilimjibu kwa mkato, lakini swali lenyewe lastahili makala. Na jibu lake mimi sikulipata hapa Pwani. Nililipata Nyeri, tena kwenye baridi ya kuuma meno.

Mwaka wa 2003 nilikuwa nasomea diploma ya elektroniki, na sote tulitakiwa kwenda mafunzo ya kazini. Wenzangu walipata nafasi Mombasa na Nairobi. Mimi nikapelekwa kwenye mitambo ya matangazo upande wa Mlima Kenya. Nilipanga chumba Majengo, Nyeri, karibu na msikiti, nikakuta Waislamu wanaozungumza Kiswahili kama nyumbani. Hilo lilinipunguzia upweke. Lililobaki ni ukungu na kazi.

Kabla sijafika sikujua kwamba Nyeri na Mombasa ni ndugu kwenye historia ya redio. Matangazo ya Kenya yalianza Nairobi mwaka wa 1928, yakiwalenga walowezi. Idhaa ya Waafrika ilikuja 1953, ikitumia Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo, Kikamba, Kiarabu na lugha nyingine. Mwaka uliofuata ikaundwa Kenya Broadcasting Services, na chini yake zikawekwa stesheni za mikoa: Sauti ya Mvita hapa Mombasa, stesheni ya Mlima Kenya kule Nyeri, na ya Ziwa kule Kisumu. Kumbuka hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952 na Nyeri ilikuwa katikati ya vita vya Mau Mau. Serikali ya mkoloni haikupeleka redio kule kwa kuwapenda wenyeji. Uhuru ulipokuja, shirika likafanywa idara ya serikali mwaka wa 1964 kwa jina la Sauti ya Kenya, na uamuzi ukahamia Nairobi. Wazee wetu bado wanaililia Sauti ya Mvita.

Sasa turudi kwenye mawimbi.

Redio ya zamani ya mawimbi ya kati hutembea ikifuata ardhi, na usiku hudunda angani ikarudi chini mbali sana. Ndiyo maana mtambo mmoja wa aina hiyo waweza kuhudumia wilaya nyingi. FM haina tabia hiyo. Mawimbi yake, kati ya megahatsi 87.5 na 108, huenda karibu sawa na mwanga wa kurunzi. Yakikuta mlima, nyuma yake panakuwa na kivuli. Hupinda kidogo tu kwenye kingo za kilima, na kidogo hicho mara nyingi hakitoshi.

Mtu akitaka kukiona kivuli hicho aende Nyeri. Mji umekaa kati ya safu za Nyandarua upande wa magharibi na Mlima Kenya upande wa mashariki. Pembeni pana kilima cha Nyeri Hill, na juu yake ndiko minara ilikosimama. Kutoka pale wimbi linamwagika hadi Karatina na vijiji vya karibu. Lakini Meru na Chuka ziko ng'ambo ya mlima wenye kimo cha mita 5,199. Huwezi kuzifikia kutoka Nyeri hata uwashe mtambo wa ukubwa gani. Ndiyo sababu upande wa Meru una minara yake kwenye vilima vya Nyambene. Stesheni moja, mitambo miwili, namba mbili tofauti kwenye redio yako. Abiria wa matatu anayezunguka mlima huona dereva akitafuta stesheni ile ile upya, akadhani redio ni mbovu.

Nami kwa ujinga wa ujana nilimwuliza fundi mkuu, mzee wa Kikuyu mwenye miaka mingi kazini: "Mzee, mbona msiweke mtambo kule juu kabisa kwenye barafu, mkamaliza kazi?"

Alicheka hadi akakohoa. "Kijana wa Mombasa, dizeli ya jenereta utaibeba wewe?"

Kule juu hakuna barabara wala umeme, pana barafu, na ni hifadhi ya taifa. Halafu kuna jambo nililolielewa baadaye: mtambo ulio juu mno hufika mbali kuliko inavyotakiwa, ukavuruga stesheni za miji mingine zinazotumia masafa yale yale. Namba za FM ni chache, lazima zirudiwe, na kinachoruhusu kuzirudia ni vivuli hivi hivi vya milima. Kivuli kinachomuudhi msikilizaji ndicho kinachompa nafasi jirani yake.

Niwaeleze mitambo yenyewe. Sauti hutoka studio mjini, ikarushwa kwa sahani ndogo inayotazamana na sahani nyingine kilimani. Kule inaingia kwenye kifaa kinachoibebesha kwenye wimbi la stesheni, kwa nguvu ndogo tu, kisha kwenye kikuza nguvu kinachoifikisha wati mia kadhaa au maelfu. Kikuza nguvu cha zamani kilitumia vali kubwa kama chupa ya chai, na feni ya kuipoza ilipiga kelele kama ya mashine ya kusaga. Vya sasa vinatumia transista nyingi zinazosaidiana: moja ikifa, stesheni haizimiki. Baada ya hapo pana vichujio, halafu kebo inayopanda mnara hadi kwenye antena zilizopangwa nne au nane, moja juu ya nyingine. Mpangilio huo unabana wimbi liende mbele kwa wasikilizaji, lisipotee mawinguni.

Kebo ile ndiyo iliyonifunza heshima. Ni nene kama mkono wa mtoto, ndani ina uwazi, na uwazi huo hujazwa hewa kavu kwa pampu ndogo. Kila asubuhi mzee alianza na geji ya hewa kabla hajagusa kitu kingine, hata chai. Geji ikishuka, kebo imetoboka mahali. Ukungu ukiingia, nguvu za mtambo hugonga maji zikarudi nyuma na kuunguza kikuza nguvu. "Kwenu chumvi, kwetu ukungu," aliniambia, "adui ni yule yule." Maneno hayo nimeyakumbuka kila nilipoona nati za mnara wa Pwani zilivyoliwa na kutu.

Kitu cha pili alichonifunza ni hesabu ya kimo. Chukua urefu wa antena kwa mita juu ya ardhi inayoizunguka, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1. Utapata kilomita za upeo wa wimbi pahala tambarare. Antena ya mita 100 yafika kilomita 41. Ya mita 400, yaani mnara mfupi juu ya kilima kizuri, yafika 82. Nguvu za umeme hazina ukarimu huo: ukitaka wimbi lifike kwa msikilizaji na nguvu maradufu, mtambo lazima uwe na wati mara nne. Ukitoka wati 500 unakwenda 2,000, na bili ya umeme inakwenda nawe.

Hapa ndipo nina deni la kukiri. Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha Pwani, sitakitaja, kilichanga pesa za redio ya jamii. Kina mama wa vijijini walichanga zaidi kuliko sisi wa mjini. Nilikuwa kwenye kamati. Muuzaji akaja na mtambo wa wati 2,000, wajumbe wakafurahi, pesa ikaishia pale. Antena ikawekwa juu ya paa la jengo la ofisi, bondeni. Nilisema mara moja kwamba kilima ni bora kuliko wati, nikaambiwa hatuna pesa ya kununua kiwanja kilimani, nikanyamaza. Wallahi nilipaswa kusema mara ya pili. Redio ilipowashwa ilisikika vizuri sana mjini, kwa watu wenye stesheni kumi za kuchagua. Vijiji vya nyuma ya ukingo, vya wale kina mama, havikupata hata neno moja.

Kuhamisha antena nako si kupanda ngazi tu. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano hutaja pahala, nguvu na masafa. Ukihama unaomba upya. Mnara unahitaji pia idhini ya mamlaka ya usafiri wa ndege. Ilichukua miezi. Mwishowe tulipata kona ya shamba ukingoni, kwa hisani ya familia moja, tukawasha mtambo ule ule kwa nguvu za robo, wati 500. Vijiji vikasikia.

Televisheni nayo ina sheria hiyo hiyo, kwa ukali zaidi. Ilipoanza nchini mwaka wa 1962 kutoka Limuru ilifika kama kilomita 24 tu. Mombasa ikapata kituo chake 1970. Enzi ya analogia aliyekuwa kivulini aliona chengachenga, lakini aliona. Dijitali ilizinduliwa Desemba 2009 na analogia ikazimwa 2015. Dijitali haina chengachenga: picha ipo safi au haipo kabisa. Wa bondeni wanabaki na sahani ya setilaiti.

Setilaiti haijui kivuli cha mlima, lakini ina mtego wake. Ndugu wa Majengo, Nyeri, akifungulia chaneli ya Mombasa wakati wa Ramadhani akafuturu kwa adhana yake, amekula mapema. Nyeri iko magharibi yetu kwa karibu nyuzi 2.7, na kwa hesabu hiyo jua lake huchelewa kutua kwa kama dakika 11.

Na yule ndugu wa Kilifi nimemwambia hivi: asinunue redio nyingine. Atafute antena ya nje, hata ya waya wa shaba wa mita moja na nusu, aiinue juu ya paa au mnazi, ajaribu kwanza upande wa nyumba unaoutazama Mombasa. Ikishindikana, basi kilima kiko katikati, na dawa yake ni mtambo wa pili kwenye ukingo wa upande ule. Ameniambia mnazi ameshaupata, kilichobaki ni mkwezi.