Moyo wa kupandikizwa: kuwafuatilia askari wa mwili bila kunyofoa nyama

Wadau, upandikizaji wa kwanza wa moyo wa mtu kwa mtu ulifanyika hapa hapa Afrika, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, chini ya Dk. Christiaan Barnard. Mgonjwa, Louis Washkansky, aliishi siku 18 tu. Kilichomuua ni nimonia, maana dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo mpya zilikuwa zimeshusha kinga yake.

Ishu iko hapo hapo mpaka leo. Dawa zikizidi, maambukizi yanakumaliza. Zikipungua, chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili, zinauona moyo ule ni mgeni na kuushambulia. Sasa daktari atajuaje kama vita imeanza? Njia iliyozoeleka ni biopsi: mrija mwembamba unapitishwa kwenye mshipa, mara nyingi wa shingoni, mpaka ndani ya moyo, unanyofoa vipande vidogo vya nyama, kisha vinapimwa kwa hadubini. Na zoezi hili linarudiwa mara kwa mara, hasa mwaka wa kwanza. Si mchezo!

Mwaka 2006 timu ya Profesa Chien Ho wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, ilitoa matokeo ya njia nyingine, iliyojaribiwa kwa panya waliopandikizwa moyo wa pili tumboni. Inakwenda hivi:

1. Punje ndogo sana zenye oksidi ya chuma zinadungwa kwenye mshipa. Kubwa kati yake zina upana wa karibu maikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita.
2. Makrofaji, askari ambao kazi yao ni kumeza uchafu, wanazimeza.
3. Moyo ukianza kukataliwa, askari hao wanaukimbilia wakiwa na chuma chao tumboni.
4. Mashine ya MRI inatumia sumaku. Chuma kinavuruga mawimbi yake, hivyo kwenye picha pale walipo askari panatokea madoa meusi. Kwa punje zile kubwa, hata seli moja moja ilionekana.

Sasa sikia hii. Picha zilionyesha askari hawakusambaa sawasawa: walianzia upande wa nje wa ukuta wa moyo wakaingia ndani. Biopsi yenyewe inanyofoa upande wa ndani! Kwa hiyo kipande kinaweza kutoka safi kumbe nje kunaungua.

Msikimbilie kushangilia lakini. Wale ni panya. Damu iliyovuja nayo inaweza kutoa doa jeusi, na punje zile kubwa zimetengenezwa kwa plastiki isiyoyeyuka mwilini. Hivyo biopsi haijastaafu.

Je mdau, ungekuwa wewe, ungechagua kunyofolewa au kumezeshwa askari wako chuma? Funguka hapo chini.