Teknolojia za kidijitali viwandani wakati wa UVIKO-19

Teknolojia za kidijitali viwandani wakati wa UVIKO-19 ni zana za kompyuta zilizoviwezesha viwanda, kuanzia mwaka 2020, kuendelea na uzalishaji au kugeukia bidhaa mpya, huku wafanyakazi wakitakiwa kuachiana nafasi na vipuri vikiadimika.

Mfano wa mapema ulitoka Italia. Machi 2020 hospitali ya Chiari, karibu na Brescia, iliishiwa vali za vifaa vya kusaidia kupumua. Cristian Fracassi na Alessandro Romaioli wa kampuni ndogo ya Isinnova waliipima vali moja, wakaichora kwenye kompyuta, kisha wakaichapa kwa printa ya 3D. Ndani ya siku chache zilipatikana takriban 100. Huko Prague, kampuni ya Prusa Research ilibuni ngao ya uso na kuutoa mchoro wake bure mtandaoni, hivyo mwenye printa popote aliweza kuitengeneza.

Kazi kubwa kuliko hizo ilifanyika Uingereza. Penlon ya Abingdon na Smiths ya Luton, kwa pamoja, zilikuwa zikitengeneza ventileta (mashine za kupumulia) 50 hadi 60 tu kwa wiki. Umoja wa VentilatorChallengeUK ukaziunganisha na Airbus, Ford, McLaren, Rolls-Royce na wengine. Ugumu ulikuwa kwa watu kuliko mitambo: fundi aliyezoea mabawa ya ndege au injini za magari hakuwahi kuunda kifaa cha hospitali, na mwalimu wake hakutakiwa kumkaribia. Hapo miwani ya HoloLens ya Microsoft ilifaa kweli. Fundi aliona maelekezo ya kila hatua mbele ya macho yake, mikono ikibaki kazini, na mtaalamu aliye mbali aliweza kuona anachokiona na kumsahihisha. Mpangilio wa karakana nao ulijaribiwa kwenye kompyuta kabla meza hazijapangwa. Uzalishaji ulipopamba moto ulizidi ventileta 400 kwa siku.

Haifai kuzisifu zana hizi kupita kiasi. Ventileta mpya kabisa iliyobuniwa na Dyson iliachwa Aprili 2020 kwa kuwa haikuhitajika tena. Zilizofanikiwa zilitokana na miundo iliyokwishajulikana. Kompyuta iliharakisha kunakili na kufundisha, basi. Kufikia Julai 2020 umoja huo ulikuwa umekabidhi ventileta 13,437, nyingi zikifika baada ya wimbi la kwanza kupita kilele chake, zikawekwa akiba.